Kutumia nyaraka za kale za eneo letu kufundishia Historia: naanzia wapi?

Mwl_Mkongeni

Wakuu, habari za kazi.

Nafundisha Historia Kidato cha Pili katika shule ya kata wilayani Korogwe. Mikondo ni miwili, na kila mmoja una wanafunzi wasiopungua 70. Mada inayofuata kwenye azimio langu la kazi ni uchumi wa kikoloni. Mashamba ya mkonge yanaonekana dirishani, lakini kitabu tunachotumia kinataja mkonge kwa aya moja tu, kisha kinahamia kwingine. Nataka wanafunzi washike hati halisi za hapa kwetu: barua, taarifa za mabwana shauri (maofisa wa wilaya wa kikoloni), picha, chochote kile.

Nina maswali matatu. La kwanza, hati hizo zinapatikana wapi, na mwalimu wa kawaida anaruhusiwa kuziona? La pili, hati ya Kiingereza cha 1948 naigeuzaje kuwa somo la vipindi viwili mfululizo kwa watoto 70, wakati shule ina printa moja na haina maabara ya kompyuta? La tatu, nataka mradi wa muhula ambao hautaishia kuwa insha za kunakili intaneti.

Naomba majibu ya kina, na msiogope kuandika marefu.

---

Masijala

Mwalimu, karibu. Nitajibu la kwanza, la darasani nawaachia wenye chaki.

Majalada mengi ya serikali za kikoloni yako Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Kisheria, nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Hilo limo katika Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Kwa hiyo mambo ya Mjerumani na Mwingereza, na hata ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967, yameshapita umri huo, isipokuwa majalada machache yanayozuiwa kwa sababu maalumu. Beba barua ya mkuu wa shule yenye muhuri na kitambulisho chako, na barua itaje mada kwa jina. Barua inayosema tu "anafanya utafiti wa historia" itakurudisha kaunta mara mbili.

Usiende kabla hujajua unachokitafuta. Ukiomba "faili za mkonge" utapewa orodha ndefu na siku itaishia kwenye orodha. Andika mambo manne kwenye karatasi: mahali, miaka, mada na aina ya hati. Mfano: Korogwe, 1945 hadi 1955, vibarua wa mashamba, taarifa ya mwaka ya wilaya. Mtunza nyaraka akiona hivyo anajua akupeleke kwenye orodha ipi.

Orodha zenyewe zina makundi ambayo ni vizuri kuyajua mapema. Majalada ya Kijerumani yana herufi G mwanzoni mwa namba. Yale ya Sekretarieti ya Mwingereza yana namba tupu, na mengi yanahusu sera: gavana kaandikiwa nini, London imejibu nini. Kundi la tatu ni majalada yaliyoletwa kutoka majimboni na wilayani, na kwa mwalimu hili ndilo lenye utamu. Humo ndimo utakuta bwana shauri akilalamikia daraja, akihesabu kodi, akigombana na meneja wa shamba. Kuna pia vitabu vya wilaya, ambavyo maofisa wa Kiingereza waliviandika kwa kupokezana: historia za koo, orodha za watawala wa jadi, mipaka, desturi za ardhi. Vimepigwa picha kwenye filamu ndogo, hivyo utavisoma kwa mashine.

Majina yanapoteza watu. Lushoto ya Mjerumani iliitwa Wilhelmstal, na Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Jambo la Korogwe linaweza kuwa ndani ya jalada la Jimbo la Tanga bila jina la Korogwe kuonekana juu. Ukikosa kwa jina la wilaya, panda hadi jimbo.

Sasa kuhusu kupiga picha, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kabla hujatoa simu, uliza utaratibu na ada. Zima mwako wa kamera. Picha ya kwanza iwe ya jalada lenyewe kwa nje ili namba yake isomeke. Kisha kata kipande cha karatasi, andika namba ya jalada kwa penseli, na ukiweke pembeni mwa kila ukurasa unaoupiga. Ukurasa usio na namba ni picha tu: huwezi kuurudia, mwenzako hawezi kuuhakiki, na mwanafunzi hawezi kuutaja kama ushahidi. Simama dirisha likiwa ubavuni, si mgongoni, la sivyo kivuli chako kitalala juu ya maandishi. Piga kila ukurasa mara mbili. Jioni hiyohiyo badilisha majina ya picha yawe na namba ya jalada na ukurasa, kwa mfano TNA_namba_uk07 (TNA ni kifupi cha Kiingereza cha nyaraka za taifa), kwa sababu baada ya wiki hutakumbuka ipi ni ipi.

Mikono iwe safi na mikavu. Glavu za pamba hazihitajiki kwa karatasi, zinakupunguzia hisia za vidole na ndipo karatasi kavu inapochanika. Glavu ni za picha zilizosafishwa. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea. Pini iliyoota kutu usiivute, mwite mhudumu.

Na usidharau vilivyoko mtandaoni. Maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa ina malalamiko ambayo wananchi wa Tanganyika waliyapeleka kwenye Baraza la Udhamini. Alama zake huanza na T/PET.2. Tafuta kwa alama hiyo, kwa sababu ukitafuta kwa jina la kijiji utakosa kutokana na tahajia. Ripoti za ujumbe uliotembelea Tanganyika mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960 nazo zipo. Picha za enzi za Mjerumani, pamoja na za reli na mashamba ya Usambara, ziko kwenye mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, na gazeti la walowezi lililochapwa Tanga, Usambara-Post, limeshawekwa mtandaoni na maktaba za Ujerumani.

---

Chaki_na_Ubao

Nachukua swali la pili.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote: somo moja, ukurasa mmoja. Walimu wakirudi na picha 40 hutaka kuzitumia zote. Matokeo yake watoto wanapokea bahasha yenye hati sita, wanasoma ya kwanza, kengele inalia. Chagua ukurasa mmoja, na ndani yake chagua maneno kama 120, yasizidi 150. Ukiruka sentensi weka nukta tatu ili ionekane umeruka.

Hati ya Kiingereza tafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, lakini majina ya vyeo, mahali na fedha yaache yalivyo. Usisafishe lugha. Kama ofisa kaandika kwamba vibarua ni "wavivu", neno hilo libaki, kwa sababu ndilo utakalolifanyia kazi darasani.

Karatasi yenyewe ipange hivi: nusu ya juu picha ya hati halisi, nusu ya chini maandishi yaliyochapwa upya kwa herufi kubwa kidogo, ukubwa wa 14. Ukiweka maandishi yaliyochapwa peke yake, watoto wanaiona kama aya nyingine ya kitabu. Muhuri, saini, tundu la pini na mstari uliokatwa kwa wino mwekundu ndivyo vinavyowaambia kwamba mtu halisi aliandika hiki. Ukiweka picha peke yake, watabaki wanakodolea macho mwandiko.

Kwa watoto 70, makundi 14 ya watu watano. Nakala mbili kwa kila kundi, jumla 28. Mkondo wa pili utumie zilezile. Zitie kwenye mifuko ya plastiki ya stesheneri, iliyo wazi upande mmoja, zitavuka hadi mwaka ujao. Usizipeleke kwenye mashine ya kubandika plastiki ngumu: zinang'aa, na darasa lenye jua upande mmoja nusu ya makundi hayasomi kitu.

Dakika 80 nazigawa hivi. Kumi za kwanza hakuna kusoma: wanatazama picha tu na kuorodhesha wanachokiona. Muhuri wa nani? Tarehe ipi? Imepigwa taipu au imeandikwa kwa mkono? Ishirini zinazofuata wanasoma na kujibu maswali manne: nani kaandika, kwa nani, lini, na anataka nini kifanyike. Hilo la nne ndilo la maana. Barua za serikali karibu zote zinaomba kitu: fedha, ruhusa, askari, kuhamishwa. Mtoto akishajua mwandishi anaomba nini, anaelewa kwa nini kaeleza hali vile alivyoieleza.

Kisha unaleta sauti ya pili, fupi, maneno 60 yanatosha. Hapa ndipo malalamiko ya Umoja wa Mataifa yanapofaa, au barua ya msomaji katika Mambo Leo, gazeti la serikali la Kiswahili lililoanza 1923. Dakika 20 za kulinganisha, kisha 20 za kuandika aya moja yenye sharti hili: kila dai lifuatwe na maneno kutoka kwenye hati yenye alama za kunukuu. Kumi za mwisho makundi matatu yanasoma, mengine yanapinga.

Yanayokwenda kombo: swali la "mnaonaje kuhusu hati hii?" huzaa kimya. Uliza linalojibika kwa kidole: "Nionyesheni sentensi inayoonyesha meneja aliogopa kitu." Pili, mwenye Kiingereza kizuri anafanya kazi ya kundi zima, kwa hiyo toa majukumu: msomaji, mwandishi, mtunza muda, mpingaji, msemaji. Mpingaji kazi yake ni moja, kuuliza "umeiona wapi?" Tatu, watoto wanaamini kila kilichopigwa taipu. Dawa yake ni swali: mwandishi huyu angepoteza nini kama angeandika kinyume?

Fedha nazo zina mtego wake. Wakisoma kwamba mshahara ulikuwa shilingi kadhaa kwa mwezi, wataulinganisha na shilingi ya leo na darasa litageuka kicheko. Wafanye hesabu ndani ya hati. Tuseme, kwa mfano tu, hati inataja kodi ya shilingi 10 na malipo ya shilingi 15 kwa kipande kizima. Kipande cha mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalikuja kadi ikijaa. Hesabu inatoka: siku 20 za kukata mkonge kwa ajili ya kodi peke yake. Mtoto aliyekokotoa hilo mwenyewe hahitaji kuambiwa kwamba kodi ilikuwa njia ya kupata vibarua. Kwa hati za Mjerumani kumbuka rupia: hadi 1904 iligawanywa kwa pesa 64, baada ya hapo kwa heller 100. Ukichanganya, hesabu zote zinapinda.

---

Mwl_Pwani_KE

Hamjambo wenzangu wa Tanga. Naongezea kidogo kutoka upande huu wa mpaka, kwa sababu mkonge haukuishia Horohoro. Tuna Vipingo na Mwatate, na wanafunzi wenu wakilinganisha watapata mengi.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya iko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Unatengenezewa kadi ya msomaji, kisha unaagiza majalada kwa alama. Za mkoa wetu huanza na PC/COAST, na za wilaya huanza na DC likifuatwa na jina la wilaya. Ripoti za mwaka za wilaya ndizo za kuanzia. Zina vichwa vinavyojirudia mwaka hadi mwaka: kazi, afya, elimu, mvua, kodi. Kwa hiyo ukichukua kichwa kimoja tu, tuseme kazi, kwa miaka mitano mfululizo, unapata jedwali zuri la darasani bila kusoma ripoti nzima.

Tahadhari moja. Mwanafunzi akitafuta "kipande" mtandaoni ataletewa picha za kile kikasha cha chuma kilichovaliwa shingoni. Hicho ni cha Kenya, kilikuwa kitambulisho chenye alama za vidole, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kadi ya siku 30 ya mashamba ya Tanganyika ni kitu kingine kabisa. Nimeona mabango ya maonyesho ya shule yenye maelezo ya Tanganyika na picha ya Kenya, na hakuna mwalimu aliyeshtuka.

---

Mama_Rejista

Masijala kaeleza vizuri, lakini simwungi mkono kuanzia Upanga. Nauli ya kwenda Dar na kurudi, malazi, ada za nakala, halafu watoto wenyewe hawajagusa kitu. Kwa mradi wa muhula anzia kwenye kabati la mkuu wa shule.

Shule yoyote yenye umri ina rejista ya uandikishaji. Fungua ukurasa mmoja wa shule ya msingi iliyo karibu na shamba la mkonge na utazame safu zake: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi, kazi ya mzazi, kabila au mahali alikotoka, tarehe ya kuingia, tarehe na sababu ya kutoka. Safu hizo hazifanani shule zote, lakini tatu zinakutosha: kazi ya mzazi, alikotoka, sababu ya kutoka. Hapo una historia ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, bila kutoka kijijini. Wafanyakazi wa mashamba ya Tanga waliletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi, hadi Wamakonde wa Msumbiji, na tangu 1944 kazi ya kuwakusanya ilikuwa ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Makabila yaliyochanganyika kwenye rejista ya Korogwe yanaeleweka mara moja.

Vyanzo vingine vya jirani: muhtasari wa vikao vya serikali ya kijiji, vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, daftari za chama cha ushirika, makaburi ya kambini yenye majina na miaka, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kule Muheza kwa masuala ya zao lenyewe. Kwa kila mahali peleka barua tofauti, na omba kuangalia palepale. Usiombe kuazima. Daftari lililoazimwa likipotea mikononi mwa mwanafunzi, shule zote za tarafa zimefungiwa mlango.

Mradi ninaoupendekeza ni ramani na ratiba ya kambi moja, wiki sita.

Wiki ya kwanza wanafunzi wanaandika swali la kundi. Swali likikubali jibu la ndiyo au hapana, likataliwe. "Mkonge ulisaidia Korogwe?" halifai. "Wakazi wa kambi hii walitoka wapi kati ya 1950 na 1967, na nani alibaki?" linafaa, kwa kuwa lina mahali, miaka na kitu cha kuhesabu. Wiki ya pili na ya tatu wanakusanya: kila kundi chanzo kimoja cha maandishi na mahojiano mawili. Wiki ya nne wanachora. Ramani ya mkono kwenye karatasi ya manila inatosha: reli, korona (kiwanda cha kuchakata mkonge), kambi, kisima, shule, na majina ya mitaa yaliyobaki. Wiki ya tano wanaandika maelezo ya kila alama, yasiyozidi maneno 50, kila moja na chanzo chake. Ya sita ni maonyesho, na wazee waliohojiwa waalikwe wakosoe. Hapo kuna marekebisho ya maana kuliko kalamu nyekundu ya mwalimu.

Ratiba ya miaka ianze na mambo yenye uhakika ili wapate pa kupachika yao. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 ndiyo iliyopona. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Bei ya mkonge ilipaa wakati wa vita vya Korea na kushuka baada yake. Mashamba mengi yakataifishwa 1967.

Mahojiano yana kosa moja kubwa, nalo ni kumuuliza mzee "mwaka gani?" Atakutajia mwaka kwa heshima tu. Mpe vigingi: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa? Ni wakati wa Operesheni Vijiji? Ulikuwa umeoa vita vya Kagera vilipoanza? Wanafunzi waende wawili, mmoja anauliza na mmoja anaandika, wasizidi maswali manane, na waanze na kazi za mikono. Mtu aliyekata mkonge anaeleza kisu, mwiba wa ncha na hesabu ya mafungu kabla hajaeleza siasa. Wakipishana wazee wawili, usiwaambie watoto wachague mkweli. Waandike zote mbili, na kila moja aliyeisema alikuwa na kazi gani: mnyapara na mkataji hawakuliona shamba kutoka sehemu moja.

Kisha faragha. Rejista ina majina ya watu walio hai, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wanafunzi wanakili safu bila majina, kila mtu apewe namba. Sababu za kutoka shule kama ujauzito, ugonjwa au kufukuzwa zisitoke kwenye daftari la mwalimu. Kijijini watu wanajuana. Mahojiano yaanze na ridhaa, na mzee aambiwe wazi kwamba maneno yake yatabandikwa ukutani.

---

Masijala

Mama, sibishi. Rejista ni mwanzo mzuri kwa watoto. Ila rejista haikuambii kwa nini watu waliletwa, wala nani alikataa kuja. Hilo liko kwenye majalada ya wilaya na ya ofisi ya kazi. Mwalimu mmoja akienda Upanga siku mbili kwa niaba ya shule tano za tarafa, gharama inagawanyika na kila shule inapata kurasa zake kumi.

Nyongeza kuhusu vitabu vya wilaya: msiwape watoto sehemu za "historia ya kabila" kama maelezo ya kweli ya koo zao. Nyingi ziliandikwa baada ya Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1926, wakati serikali ilipokuwa inatafuta nani atambuliwe kuwa mtawala wa wapi. Waliohojiwa walijua kuna cheo na mshahara nyuma ya jibu. Kwa Kidato cha Nne hilo ni somo zuri lenyewe. Kwa Kidato cha Pili litazua ugomvi wa koo darasani, na jioni wazazi watakuwa ofisini kwako.

---

Mwl_Mkongeni

Asanteni sana, nimeshachapa uzi huu wote. Nimebakiwa na mambo mawili. Moja, nimefungua Usambara-Post na siambulii herufi, achilia mbali Kijerumani. Kuna njia? Pili, kusahihisha: makundi 28 kwa mikondo miwili, nitapimaje mtoto mmojammoja?

---

Masijala

Herufi zile zinaitwa Fraktur. Kwa gazeti lililochapwa, programu za kusoma maandishi kwenye picha zinaziweza vizuri kiasi, kisha unapitisha kwenye programu ya kutafsiri. Matangazo ya biashara na ratiba za treni hutoka safi kuliko makala, na kwa darasa yanafaa zaidi: bei, majina ya maduka, saa za kuondoka Tanga. Hakiki mambo matatu kwa macho yako kwenye picha ya asili, yaani tarehe, namba na majina ya watu, maana programu hukosea hapo kwa kujiamini. Herufi ya s ndefu inafanana na f, kwa hiyo jina likionekana la ajabu anza kushuku hapo. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani ni suala jingine. Programu ya Transkribus inausoma, lakini bila mtu wa kuhakiki usiupeleke darasani.

Na kabla ya kuhangaika na Kijerumani, mtafute Kiongozi. Lilikuwa gazeti la Kiswahili lililochapwa hapohapo Tanga enzi za Mjerumani. Tahajia itawachekesha watoto kidogo, lakini wanasoma wenyewe.

---

Chaki_na_Ubao

Kusahihisha: alama za kundi zisizidi nusu. Tuseme kati ya 50, ramani na maonyesho 20, zilizobaki 30 ni za mtu mmojammoja. Kila mwanafunzi anakabidhi ukurasa mmoja wa daftari wenye vitu vitatu: chanzo kimoja alichokishughulikia na kilivyotajwa kikamilifu (10), aya ya madai mawili yenye ushahidi wa kunukuu (15), na sentensi mbili zinazoeleza chanzo hicho hakiwezi kutuambia nini (5). Kurasa 140 za namna hiyo zinasahihishika kwa siku tatu nne, kwa sababu unajua jicho liende wapi.

Kunakili intaneti kunajifia kwenye kipengele cha kwanza. Chanzo kitajwe kwa mahali kilipo, jina la daftari au namba ya jalada, ukurasa na tarehe mwanafunzi alipokiona. Asiyekwenda hawezi kujaza ukurasa na tarehe. Wachache watabuni, kwa hiyo chagua tano bila mpangilio katika kila mkondo, ukafungue daftari lenyewe.

---

Mama_Rejista

Jingine ambalo halijaulizwa: ukitaka kuweka picha za Upanga kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, ruhusa ya kupiga picha kwa ajili ya kusoma siyo ruhusa ya kuchapisha. Omba ya pili kwa maandishi ukiwa bado hukohuko, utaje hati kwa namba zake. Za rejista usiweke kabisa, hata ukifunika majina.